Mtoni Hadi Kinondoni, Kuutafuta Mkono Wangu

Hatua tatu

Nilivumilia bajaji iliyozama kwenye dimbwi. Nikamvumilia mama nisiyemjua aliyemlisha mwanangu ndizi huku akinitazama mie kama mwizi. Nikavumilia hata sambusa ya ukubwa wa kidole gumba iliyoletwa kwenye sinia kana kwamba ni mahari. Kilichonishinda ni hatua tatu.

Nilikuwa ndani ya ukumbi mmoja wa maonyesho huko Kinondoni, kuta nyeupe, watu wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani. Mbele yangu picha ya mwanangu Neema, mwenye miaka minne, imetundikwa kubwa kama mlango wa choo. Analia. Nywele zimesimama nusu kichwa. Nyuma yake, kama vile limemwegemea begani, jalala lililopanda mpaka likala anga lote. Pembeni kuna kikaratasi chenye jina la picha: "Peke Yake." Nikasogea nimwone vizuri. Ndipo kaka aliyeipiga, anaitwa Jordani, akanigusa kiwiko kwa adabu zote.

"Sista, ukisimama karibu hivyo hutaielewa. Rudi nyuma hatua tatu."

Nirudi nyuma. Ili nimwelewe mtoto niliyembeba tumboni miezi tisa, ambaye asubuhi ileile nilimfuta kamasi kwa khanga yangu.

Nilichomjibu wengi mmeshakisikia, tena kimetiwa chumvi. Mama yake sikumtukana, anayesema nilimtukana hakuwepo. Ila nyie wenzangu wa kwaya mmekuwa mkinipigia mmoja mmoja kuuliza kulikoni, na mie nina nguo za kufua. Naandika mara moja, msome wote. Naanza mwanzo, vile njia ilivyokwenda.

Mtoni, kabla hata hatujatoka

Ishu ilianzia kwenye simu ya mama mkwe. Mama Deo mnamjua kwa sifa zake: mwalimu mstaafu, mtu wa Moshi, anakaa Kimara, na mpaka leo akiingia sebuleni watu wazima wanakaa wima. Jumatano mtu akatuma tangazo la maonyesho ya picha kwenye kundi la wanawake wa kanisani kwake. Kwenye tangazo, mjukuu wake. Jalalani. Analia.

Hakunipigia mie. Alimpigia mwanawe Deo, mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa Tunduma na lori akisubiri kuvuka mpaka. Deo akanipigia na sauti ya mtu aliyesomewa hukumu akasema asante. Uamuzi ulikuwa umeshapita: Jumamosi mama anapanda basi kwenda Moshi, na Neema anaondoka naye, atasomea hukohuko mpaka hali itulie. Hali gani itulie, hakusema. Kazi yangu mie ilikuwa kumfikisha mtoto Kimara siku ya Ijumaa kabla ya saa sita, pamoja na begi la nguo zake.

Nikamweleza Deo kwamba siku ile ya picha naikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, siku ya nywele. Mwenye mtoto wa kike hahitaji kuelezwa: unamkalisha kwenye kigoda uani penye mwanga, unafumua misuko ya wiki, unachana, anapiga kelele kama anachinjwa, unasuka, na Jumapili anaingia kanisani kama malaika aliyeshushwa saa hiyohiyo. Neema alikuwa nusu kichwa. Niliinuka kidogo kuchukua mafuta, nikarudi nikamsimamia ubavuni na chanuo mkononi. Hicho ndicho alichokuwa akililia, chanuo. Na hilo jalala liko ng'ambo ya bonde, mbali kiasi kwamba harufu yake yenyewe inasubiri upepo ndipo itufikie.

Deo akaniambia kwenye picha mie sipo. Jalala lipo, mtoto yupo, mie sipo. Mama anaona hivyo, na yeye anaona hivyo. Nikamuuliza kama ameniona kwa macho yake nikimtelekeza mtoto hata siku moja. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Basi nikapakia begi. Magauni manne, viatu vya kanisani, kikombe chake cha bata. Na chanuo nikalitia kwenye mkoba wangu. Chanuo lenyewe ni la mpingo, alilichonga baba yangu, mchonga vinyago wa Newala, na kwenye mshikio kuna kobe. Baba huwa hachongi kitu chenye upande mmoja. Ukimsifia kazi bila kuizungusha mkononi, anakunyang'anya.

Jirani yangu Mama Shani, mwenye lile ghorofa lisiloisha, ndiye aliyenipa pa kuanzia. Alikumbuka kwamba kaka mmoja mwenye kamera aliomba apande juu ya zege apige mandhari, akamruhusu, akampa na chai. Alipomuuliza atazipata wapi hizo picha, akamtajia fundi fremu wa Kipawa ambaye ndiye humtengenezea kazi zake. Mama Shani anasubiri picha ya mandhari mpaka leo.

Mtoni hadi Kipawa

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nikakodi bajaji, dereva ni kijana mcheshi wa kupitiliza, simu ameibandika mbele kwa mpira, ramani inang'aa. Nikamwambia apite barabara kubwa. Akaniambia, dada'angu, ramani inatuonyesha kanjia hapa katikati, dakika kumi tumetokea Tazara. Kanjia kweli kalikuwepo. Kwenye ramani kalikuwa keupe, kamenyooka. Kwa chini kalikuwa dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na bajaji ikaingia humo ikakohoa mara mbili ikanyamaza.

Dereva alibaki anaangalia simu, kisha maji, kisha simu. Akasema ajabu, hapa pameandikwa njia. Nikamwambia aliyeichora alikuwa amekaa juu mawinguni, mwite aje atusukume. Tulishuka, mie na mtoto mgongoni na begi kichwani, maji ya magoti. Neema alifurahi kupita kiasi, akaomba turudie. Ilituchukua karibu saa nzima kutoka pale, na dereva muda wote akanishauri nisikasirike kwa sababu hasira zinaharibu ngozi.

Kipawa duka la fremu halikunisumbua, lina kioo kilichopasuka mlangoni, tangazo zuri kabisa kwa muuza vioo. Fundi Saidi ni mtu mzima, nikamwamkia. Alikuwa anakula chapati na maharage juu ya meza ya kukatia. Alipomwona Neema akaacha tonge, akafuta mikono, akanipa hongera. Eti mwanangu amekuwa staa. Akafikiri nimekuja kutengeneza nakala niiweke sebuleni, akaanza kunionyesha fremu za dhahabu.

Nilipomweleza, akavuta kiti, akamkatia Neema chapati, na mie akaniwekea sahani bila kuniuliza. Akasema ile picha anaikumbuka, aliitia kioo mwenyewe, imeshapelekwa Kinondoni. Nikamuuliza imekuwaje jalala la ng'ambo ya bonde limekuja kukaa mgongoni kwa mwanangu. Akachukua khanga yangu begani, akaitandaza mezani. Akaweka msumari pindo la huku, msumari pindo la kule.

"Huyu mwanao, hili jalala," akasema. Kisha akaikunja ile khanga mara nne mpaka misumari ikagusana. "Lenzi ndefu inafanya hivi. Haisemi uongo, mwanangu. Inakunja."

Wakati huo ndege ikapita chini kama kawaida ya Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, bati likatetemeka. Akadaka fremu ndogo ya picha ya pasipoti, akaiweka mbele ya jicho la Neema, akamwambia atazame. Ndege nzima iliingia ndani ya fremu ikatoka. Neema akaniambia ni ndogo, tuibebe. Fundi Saidi akacheka, akasema na watu wazima wenye shahada wanaamini hivyohivyo.

Nikamwonyesha lile tangazo Deo alilonitumia kwenye simu. Akatikisa kichwa: hii si picha yote, wameikata pembeni maandishi yapate nafasi, ile aliyoitia kioo ni pana zaidi. Halafu akasema neno ambalo sikulitilia maanani, kwa sababu nilikuwa na hasira na maharage mdomoni. Akasema ile pana ina kitu cheusi kwenye kona ya chini. Yeye alidhani ni uchafu kwenye kioo, akakifuta mara mbili, hakitoki.

Kipawa hadi Kimara

Bajaji nyingine, dereva mwingine, huyu hasemi kitu, Mungu ambariki. Tabata foleni, Ubungo foleni. Neema akalala. Saa sita ikapita tukiwa bado tumebanwa nyuma ya lori la kokoto, na simu ya mama mkwe ikaita mara tatu. Sikupokea. Ningemwambia nini? Kwamba nimepitia Kipawa kujifunza kukunja khanga?

Tulifika saa saba na nusu. Nikapiga magoti kidogo, shikamoo mama, akaitika marahaba akiitazama sketi yangu iliyojaa tope mpaka mapajani. Najua alichokiona. Alikiona tena kile alichokwisha kukiona Jumatano. Mtoto naye alikuwa na tope mpaka masikioni, anacheka, anamweleza bibi yake kuhusu bahari tuliyovuka.

Mama mkwe ni mtu wa haki katika mambo ya chakula. Ugomvi hausogezwi mbele ya sufuria. Tulikula machalari, ndizi laini na nyama. Begi la Neema lilikuwa limewekwa pembeni ya begi la Moshi, yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Baada ya kunawa ndipo akaanza. Alisema kwa utaratibu. Hanichukii. Anajua mie ni mtoto wa kusini, nimelelewa kwa hali yangu. Ila hawezi kulala akijua mjukuu wake anachezea taka, na watu wa kanisani wanajua. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kwanza.

Nikamweleza lenzi, nikamweleza khanga. Akanisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliochelewa. Mwisho akatoa simu, akanigeuzia kioo.

"Mama Neema, picha haina mdomo wa kunidanganya."

Hapo nikaacha kujitetea, kwa sababu nilishachoka. Nikamwuliza tu jambo moja. Nikamwuliza, "Mama, miaka yote uliyosahihisha mitihani, ulishawahi kumpa mtoto sifuri kwa karatasi iliyochanwa nusu?"

Aliiweka simu mezani. Akauliza hiyo nusu nyingine iko wapi. Nikamwambia Kinondoni, ukutani, na tangazo lenyewe linasema leo ni siku ya ufunguzi. Akasimama, akachukua miwani na mkoba. Begi la Neema hakuligusa, na mie sikuligusa. Likabaki pale mstarini.

Kimara hadi Kinondoni

Tulipanda basi la mwendokasi, mama mkwe amekaa, Neema mapajani kwake, mie nimesimama. Magomeni tukabadilisha. Huko ndiko tulikokutana na yule mama wa ndizi. Alikuwa kaketi mkabala, kikapu miguuni, anamkodolea Neema macho, anachungulia simu yake, anamkodolea tena. Kisha akafungua kikapu, akamenya ndizi mbivu, akamtia mtoto mkononi. Akamwambia pole mwanangu, na wewe utakula tu siku moja.

Utakula tu. Mtoto mwenye machalari mpaka kooni.

Halafu akanitazama mie, sketi yangu, tope. Akamgeukia mama mkwe, mtu mzima mwenye gauni la pasi, akamshukuru kwa kumwokota.

Nilisubiri. Nilitaka nione Mama Deo atajibu nini, kwa maana yeye na yule mama walikuwa wameona picha moja na wakafika mahali pamoja. Kikapita kituo kizima. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti ya ubaoni, kwamba mtoto huyu hakuokotwa, ana wazazi wawili, na mama yake ni huyo hapo. Akageukia dirisha. Sikumshukuru. Neema alimaliza ndizi.

Kinondoni

Sasa narudi pale nilipoanzia. Ukumbi wenyewe mzuri, siwezi kuukataa. Picha kama ishirini hivi, nyingi za watu wa kwetu, watu wa Temeke, wa Mbagala, wa mabondeni, kila mmoja akiwa amezubaa au analia au amekaa penye giza. Hakuna hata mmoja anayekula wala anayesemana na jirani. Kama mtu hajui, atadhani kuanzia Kurasini kwenda mbele hatujawahi kucheka. Wageni wanapita na juisi, wanainamisha vichwa upande, wanasema "dah." Mmoja mbele ya picha ya mwanangu akasema ina nguvu sana. Nikatamani nimpe Neema ambebe, ajue nguvu ni nini.

Jordani ni kijana wa kawaida, mpole, fulana nyeusi, hakuwa na pembe. Nilipomwambia mie ndiye mama wa mtoto alifurahi kwa dhati. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akaniambia picha ile imewagusa wengi, kwamba alitaka jiji liwaone watoto wasioonekana. Nikamwambia huyu anaonekana, niko naye, huyo hapo anajipangusia sambusa kwenye pazia lenu. Akacheka, akadhani natania. Nikasogea nione uso wa mwanangu. Ndipo akasema lile la hatua tatu.

Hiki ndicho nilichosema, neno kwa neno, na mama mkwe ni shahidi:

"Siku ile ulikuwa juu ya ghorofa la jirani yangu unakunywa chai yake. Hatua zote unazonitaka nirudi nyuma leo, ungezishuka siku ile kuja mbele, ungenikuta. Ungeniuliza huyu mtoto analia nini. Ningekujibu bure."

Sauti ilipanda, hiyo nakubali. Watu wakageuka na juisi zao. Akaja msimamizi, dada mmoja nadhifu sana, akaomba tuongelee nje. Nyuma yake mlinzi. Jordani akawa anaeleza kwamba sanaa ni mtazamo, kila mtu anasimama pake, hakuna mtazamo ulio sahihi kuliko mwingine. Nikamwambia basi simama pangu. Mlinzi akanikaribia.

Katika vurugu hiyo hakuna aliyemwangalia Neema. Yeye alikuwa ameifuata picha mpaka chini kabisa, pua kwenye kioo, kwa maana kimo chake kinaishia kwenye kona ya fremu. Sisi wote tulikuwa tunatazama kule juu, kwenye machozi na jalala. Yeye alikuwa anatazama kile kilichokuwa mbele ya macho yake.

"Mama," akasema, "kobe."

Hakuna aliyesikia ila bibi yake. Mama Deo alivaa miwani, akainama, mkono mmoja kiunoni kwa sababu mgongo unamsumbua. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaniita. Nikapiga magoti sakafuni na sketi yangu ya tope. Kwenye kona ya chini, kwenye ukingo kabisa wa picha, vidole viwili. Vyangu, na kovu la kisu cha muhogo. Vimeshika kitu cheusi, na juu ya hicho kitu, kichwa cha kobe.

Ule uchafu ambao Fundi Saidi aliufuta mara mbili ulikuwa mie.

Nikatoa chanuo mkobani nikaliweka kwenye kioo, kobe kwa kobe. Watu wakainama mmoja mmoja. Jordani akainama wa mwisho. Namheshimu kwa jambo moja, hakudanganya. Alisema, "Nilidhani ni kijiti." Akaongeza kwamba kwenye tangazo walikikata kwa sababu kilikuwa kinavuruga picha.

Mama mkwe alijinyoosha taratibu. Nilimwona akikua, pingili kwa pingili, mpaka akafika urefu wake wa darasani.

"Nusu kichwa kimesukwa, nusu kimefumuliwa," akamwambia. "Wewe una mama, una dada. Ulidhani hii nusu imejifumua yenyewe?"

Jordani akainama tena kwenye kioo. Na mie nikamtazama mama mkwe, kwa sababu nywele hizo na yeye aliziona tangu Jumatano, na kasuka mabinti watatu kwa mikono yake. Alijua kwamba namtazama. Akajifanya anafuta miwani.

Nilitaka picha ishuke palepale. Yule dada msimamizi akasema hana mamlaka hayo, kuna kamati, na kamati haipokei maneno ya mdomo. Kama nina lalamiko niliandike, nilisaini, niliwasilishe siku ya kazi. Nadhani alisema hivyo akiamini kwamba sitaandika. Watu wakishakupiga picha ukiwa umezubaa, wanadhani na kalamu huna.

Kinondoni hadi nyumbani

Tulirudi Kimara kuchukua begi. Mie nilisimama mlangoni, sikuwa na nguvu ya kuomba. Mama Deo akaingia, akatoka na mabegi mawili, lake na la Neema. La Neema alilibeba yeye mwenyewe. Akasema Moshi haihami, ataenda wiki ijayo, kwa sasa anataka kuliona hilo bonde. Msiniulize kama aliniomba radhi. Alibeba begi.

Jumamosi asubuhi nilimwomba Mama Shani nipande juu ya zege lake, na mama mkwe akabaki chini. Alianzia kwenye kigoda cha Neema, akaanza kutembea kuelekea jalalani huku anahesabu kwa sauti, kama anaita mahudhurio. Kutoka juu nilifumba jicho moja nikatengeneza fremu kwa vidole. Mwanzo alikuwa mtu mzima mwenye gauni la bluu. Baadaye akawa kama chupa. Akashuka bondeni akapotea, akatokea upande wa pili kama njugu ya bluu, bado hajafika. Sauti yake niliacha kuisikia alipofika mia moja na kitu.

Alirudi anahema. Hatua mia tatu arobaini na mbili, na mtaro mmoja aliouruka, ambao alisisitiza usihesabiwe hatua kwa kuwa ulikuwa mruko.

Halafu akaomba kigoda na chanuo, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na mtoto ana kichwa. Akamkosoa mtu aliyemfundisha mjukuu wake kufumuliwa kuanzia kisogoni. Akaanzia mbele. Neema alilia vilevile, machozi yaleyale, mdomo uleule, na nyuma yake, kwa mtu aliyekaa juu ghorofani, jalala lilelile. Nilitamani Jordani angekuwa pale juu na lenzi yake, aje atuambie na huyu bibi kamtelekeza.

Nilimpigia Deo. Kabla sijasema kitu mama yake alininyang'anya simu. Aliongea naye dakika mbili, akanirudishia. Deo akasema pole, Mama Neema. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatatu, mapokezi

Hii ndiyo barua niliyoipeleka. Mama mkwe alisahihisha mpangilio wa aya tu, maneno ni yangu. Nilidai nakala yangu igongwe muhuri, ikagongwa.

*Kwa Msimamizi,*
*Ukumbi wa Maonyesho,*
*Kinondoni.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PICHA IITWAYO "PEKE YAKE"*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mama wa mtoto aliye kwenye picha hiyo, mkazi wa Mtoni. Nalalamika kwamba mtoto huyo hakuwa peke yake. Alikuwa anachanwa nywele na mimi. Ushahidi upo kwenye picha yenu wenyewe, kona ya chini, ambako wageni wenu hawafiki kwa sababu mnawaambia warudi nyuma.*

*Kutoka kwenye kigoda cha mtoto hadi kwenye jalala ni hatua 342 za mwalimu mstaafu, bila kuhesabu mtaro. Shahidi amesaini hapo chini. Mpiga picha alikunja umbali huo wote bila kuniuliza, na waliotengeneza tangazo wakakata mkono wangu ili maandishi yapate nafasi. Kwa ajili hiyo nilikaribia kunyang'anywa mtoto na watu wanaompenda.*

*Naomba yafuatayo. Tangazo liondolewe kila lilipo. Picha ishushwe, na kama kamati itaona ibaki, jina lake libadilishwe, na itundikwe chini, kwa kimo cha mtoto wa miaka minne. Na mpiga picha aje Mtoni, apitie mlangoni, apige hodi. Chai ipo.*

*Kama kielelezo, nawasilisha chanuo lenyewe, la mpingo, lenye kobe. Kamati ilitazame pande zote. Naomba nirudishiwe kabla ya Jumamosi, maana tunalitumia.*